Kiingereza Katika Shule Zetu za Serikali

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kigera, Musoma



Katibu alipotuomba tuseme mbele yenu, tulidhani tutapewa habari ya malimbikizo ya mishahara au ya nauli za likizo, mambo ambayo kila mmoja wenu anayajua kuliko sisi. Kumbe tumepewa habari ya Kiingereza cha watoto. Hatukukataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi tu wazaliwa wa hapa Kigera. Tulisoma shule ya msingi ya serikali, kisha sekondari kwa wamisionari, na jambo hili tulilionja kwa ulimi wetu wenyewe. Ya pili, katika mkutano uliopita wanachama wengi walitaka chama kiandike barua kwa Halmashauri, kuomba kwamba shule zetu za msingi zigeuzwe zote, zifundishe masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Barua hiyo haijaandikwa bado. Twataka kusema neno kabla haijaandikwa.

Hapana mtu katika chumba hiki anayekidharau Kiingereza. Mkate wetu umetokana nacho kwa sehemu. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekianzisha, Martin Kayamba, alikuwa karani kama sisi. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na aliporudi akaandika kitabu cha safari ile kwa Kiswahili, ili watu wake wajue aliyoyaona. Mwaka huohuo wa 1922 alizaliwa mtoto huko Butiama, ambaye mwaka 1934 aliletwa shule ya Mwisenge, mjini humuhumu Musoma, akiwa na Kizanaki cha mama yake. Lugha nyingine alizikuta shuleni. Baadaye Mwalimu Julius Nyerere aliukalimani mchezo wa Julius Caesar wa Shakespeare kwa Kiswahili, ukapigwa chapa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ukafuata mwaka 1969.

Mifano hiyo miwili huletwa kila mara katika mazungumzo yetu, kana kwamba yatosha. Wanachama husema: Mbona wale waliweza? Nasi twajibu kwamba wale walikuwa wachache mno. Shule zilikuwa za kuhesabika, watoto walichujwa kama unga, na aliyebaki juu ya chekeche hakutazamwa tena. Siku hizi hatuna ruhusa ya kuchuja hivyo, wala hatuitaki. Tena ni mji wetu uliosema hivyo: mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma, ikakata shauri kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na mwisho wa mwaka 1977 ukawekwa kuwa ndio muda wa kutimiza. Azimio la Musoma lilijaza madarasa. Walimu hawakutosha, wakatafutwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Watu wenye mzaha wakazigeuza zile herufi tatu, UPE, wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha ule haukuwa wa haki, kwani vijana wale ndio waliotufundisha wengi wetu kusoma na kuandika. Lakini kwa Kiingereza ulikuwa na ukweli wake. Mwalimu hawezi kumgawia mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe hakugawiwa.

Basi hali ikawa hivi. Tangu mwaka 1967 shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja miongoni mwa masomo. Sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho kimekuwa somo moja. Kati ya nyumba hizi mbili hapana daraja. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985; shauri hilo halikufuatwa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaandika kwamba hakitoshi kubebea masomo. Hilo nalo lilisomwa, likawekwa kabatini. Sisi makarani twajua kabati lilivyo.

Sasa tuseme tuliyoyaona kwa macho. Mwaka 2004 tuliingia kidato cha kwanza. Mwezi Desemba tulikuwa watoto wenye akili, tuliosifiwa na kijiji. Mwezi Januari tulikuwa mabubu. Somo la kwanza lilikuwa bayolojia. Mwalimu aliingia, akaandika ubaoni, akasema kwa muda wa dakika arobaini. Tulimsikia kama mtu aliyelala pwani asikiavyo ziwa usiku: unajua ni maji, hujui yanasema nini. Mwisho akauliza swali. Katika swali lile tulishika maneno mawili tu, "leaf" na "sun". Jibu tulikuwa nalo! Katika shule ya msingi tulikwisha kufundishwa jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Tena tulichora picha yake na kuipaka rangi. Tukatazama madaftari yetu kimya.

Alikuwapo rafiki yetu mmoja, mtoto wa hapa Kigera, ambaye kwa hesabu alitushinda sote tangu darasa la pili. Yeye hakuweza kuvumilia kukaa na jibu tumboni. Aliinua mkono, akasimama, akalieleza jani kwa Kiswahili safi, tangu mizizi mpaka ncha. Darasa likanyamaza. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosa, kwa maana hakukosa. Alimwita mbele, akamvika shingoni kipande cha ubao chenye kamba, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ni mpumbavu, akakaa nacho hata jioni. Ilikuwa desturi ya shule ile, ambayo hatutaitaja. Wala haikuwa shule hiyo peke yake. Kibao kilizunguka kutoka shingo hata shingo, na kila aliyekivaa alikuwa na kazi ya kumtega mwenzake aseme neno la Kiswahili, apate kukivua. Hivyo tulijifunza mapema sana kupeleleza. Kiingereza tulijifunza baadaye.

Tangu siku ile rafiki yetu hakuinua mkono tena. Katika mtihani wa kidato cha pili alianguka masomo yote isipokuwa Kiswahili na hesabu. Na katika hesabu zenyewe alifanya zile zilizoandikwa kwa tarakimu tupu, zile zenye maneno akaziruka. Akarudi nyumbani, akaingia ziwani.

Leo ana mitumbwi miwili kwenye mwalo, na mashine ya kusukumia mmoja. Mwaka uliopita alikuja ofisini kwetu na kijitabu kilichoungua pembeni, akasema, "Karani, nisomee hapa, mashine imekufa ya pili hii." Tukasoma. Kijitabu kilisema petroli ichanganywe na oili, sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Yeye alikuwa akichanganya kwa macho, kama alivyoelekezwa na muuzaji. Hatujafunga kitabu, akasema, "Kumbe lita 25, oili nusu lita." Alipiga hesabu ile kichwani, amesimama, mikono ina harufu ya dagaa. Tukamwuliza kama anaikumbuka siku ya jani. Akacheka, akasema, "Ndugu yangu, wewe jibu ulikuwa hulijui?" Tukakiri kwamba tulilijua. "Basi wewe ulijua kunyamaza, ndiyo maana umekalia kiti hicho." Alichukua kijitabu chake akaenda. Waungwana, neno lile limekaa nasi tangu hapo.

Kuna wanaosema kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu wa lugha. Hebu tazameni makosa yao kwa makini, mtaona kwamba si uvivu. Mtoto anaandika, "My mother he is sick." Mwalimu anapiga alama ya wino mwekundu, anapita. Lakini kwa nini mtoto ameandika hivyo? Kwa sababu kwetu mama ni yeye na baba ni yeye. Hatujapata kumgawa mtu kwa neno hilo. Mwingine anaandika, "I hear a bad smell," kwa kuwa sisi Waswahili harufu twaisikia. Mwingine anasema, "I have tired," kwa kuwa amechoka. Katika kila kosa la namna hii kuna kanuni ya Kiswahili inayofanya kazi mahali pasipo pake. Mwalimu anayejua vema lugha zote mbili aweza kuweka kidole penyewe, akasema: hapa kwetu ni hivi, hapa kwao ni vile. Kosa likionyeshwa asili yake, mtoto hulishika na kuliacha. Likipigwa wino tu, hulirudia mpaka anaoa.

Yako pia mambo ya ulimi. Sisi wa kanda hii twazichanganya r na l, na hili hutoka katika lugha za mama zetu. Mwenzetu mmoja, naye yumo humu na amekwisha kuanza kucheka, alipata kuandika katika barua ya ofisi kwamba "the load is bad," ikadhaniwa ni habari ya mzigo, na kumbe alikuwa akilalamikia barabara. Tena tahajia! Mtoto aliyezijua herufi za Kiswahili husoma neno lolote alionalo, kwa sababu neno limeandikwa kama linavyotamkwa. Akifungua kitabu cha Kiingereza anakuta "though", "through" na "cough", maneno yanayofanana machoni na yasiyofanana kabisa sikioni. Mambo kama hayo hayafundishiki kwa kunakili ubaoni. Yataka sikio lisikie, tena lisikie sana.

Naye mtoto wa Kigera atakisikia wapi Kiingereza? Si sokoni, si mwaloni, si kisimani. Wenye kuandika vitabu hukiita lugha ya pili. Kwa watoto wengi wa hapa ni lugha ya tatu: nyumbani Kikwaya, Kijita au Kikurya, njiani na shuleni Kiswahili, halafu hicho. Mahali pake pekee ni kile kipindi darasani, na katika kipindi hicho aghalabu anachosema mtoto ni "Good morning, teacher," kwa sauti ya pamoja, ya kuvuta, kama watu wavutao wavu. Kwa upande wa mtihani, wakati wetu jibu lilikuwa kuchagua herufi, na mtoto aliweza kushinda somo la Kiingereza pasipo kuandika sentensi moja iliyo yake. Wachunguzi wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, walikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi nyepesi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Hao ndio wanaoambiwa mwezi Januari wasome fizikia kwa lugha hiyo. Wazazi wenye fedha huwalipia masomo ya kujitayarisha katika ile miezi baina ya mtihani na kidato cha kwanza. Wasio nazo huwatuma watoto kuanika dagaa.

Sasa twaingia katika jambo lenye aibu kidogo, na twaanza na sisi wenyewe ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba anasemwa. Binti yetu wa kwanza hasomi katika shule ya serikali. Anapanda lile basi la manjano alfajiri kwenda shule ya kulipia, inayofundisha kwa Kiingereza, na karo yake yala karibu theluthi ya mshahara. Mdogo wake anasoma shule ya hapahapa, kwa kuwa mshahara ni mmoja. Sisi tulioajiriwa na serikali tunazikimbia shule za serikali, kisha katika mkutano twazihurumia. Tuhesabuni humu ndani, tutaona ni wangapi.

Jioni watoto hawa wawili hukaa meza moja. Siku moja mkubwa alitusomea ukurasa mzima wa habari ya mvua, kwa Kiingereza, hakukwama hata mara moja, nasi tulijiona tumepata thamani ya fedha yetu. Tukamwuliza, "Basi mvua inatoka wapi?" Akanyamaza, kisha akausoma ukurasa uleule tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mdogo akadakia kwamba jua linapasha ziwa, mvuke unapanda, unapoa huko juu, unashuka. Tukamwambia aseme hayo kwa Kiingereza. Akasema, "Baba, hicho sijapewa." Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumelipa ili mmoja apate maneno pasipo mambo, na mwingine alikuwa na mambo pasipo maneno.

Kwa hiyo, mabwana, hatuungi mkono barua ile. Mkiigeuza shule ya hapa leo, ikafundisha hesabu na sayansi kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na walimu ni walewale waliopita njia ileile, mtakuwa mmelihamisha jambo la Januari ya kidato cha kwanza, mkamtwisha mtoto wa miaka sita. Zipo shule chache za serikali zinazofundisha hivyo, kama Olympio mjini Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam si Kigera, na shule moja si shule zote. Tazameni majirani zetu wa Rwanda: mwaka 2008 walikata shauri kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, mwaka 2011 wakarudisha Kinyarwanda katika madarasa ya chini, mwaka 2019 wakakirudisha Kiingereza. Walimu wao waliyumbishwa kila mara, nao hawakuwa na kosa. Kwa upande mwingine Waholanzi na Waswidi huwafundisha watoto wao masomo kwa lugha zao, na Kiingereza huwafundisha kama lugha, kwa walimu wanaokijua; nao husema Kiingereza kutushinda sisi tuliovaa vibao.

Kufundisha lugha ni kazi moja. Kufundisha kwa lugha ni kazi nyingine. Barua ya mkutano uliopita ilizichanganya kazi hizi mbili, na twakiri kwamba nasi tulipiga makofi.

Tungependa iandikwe barua nyingine, fupi. Mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeliweka somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza. Vema. Basi chama kiombe kwamba somo hilo katika shule zetu lipewe mwalimu anayekisema, hata ikiwa ni mmoja tu, naye azunguke madarasa yote badala ya kila mwalimu kubahatisha. Kwamba mwalimu huyo apelekwe mafunzoni wakati wa likizo. Na kwamba vije vitabu vya hadithi, si vya mazoezi peke yake. Hayo hayahitaji tume. Habari ya lugha ya sekondari ni kubwa kuliko Halmashauri, na maoni yetu juu yake mmekwisha kuyasikia katika habari ya jani.

Lakini barua, hata iwe njema, tunajua inavyosafiri. Sisi ndio tunaozipiga mhuri. Kwa hiyo kuna jambo la pili, ambalo halihitaji mhuri. Chumba hiki kina viti arobaini na taa nzuri, na Jumamosi alasiri hukaa kitupu. Tumezungumza na walimu wa shule ya jirani. Wako radhi kutuletea watoto wa darasa la sita na la saba, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Wanachama wawili wawili watapokezana. Mmoja atasoma hadithi kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti. Mwingine ataieleza kwa Kiswahili. Kisha kila mtoto atasema neno lake mwenyewe, si kwa sauti ya pamoja. Mtoto akitaka kuuliza kwa Kiswahili, aulize. Ubao utakaokuwamo ni wa kuandikia tu. Tena tunawasihi wenzetu wasije na maneno makubwa ya faili: mtoto hahitaji kujua "the undersigned"; anahitaji kujua kuomba maji, kueleza njia, kusema mvua inatoka wapi.

Gharama ni ndogo: kila mwanachama alete kitabu kimoja alichokwisha kukisoma, na chaki tutanunua sisi. Mkubwa wetu wa basi la manjano atakuwapo, akae na wenzake wa hapa, wabadilishane alivyo navyo huyu na alivyo navyo yule.

Rafiki yetu wa mwaloni amesikia habari hii, sijui nani kampelekea, akatuma kuuliza kama mtu mwenye ndevu aweza kukaa nyuma. Tumemjibu kwamba viti vya nyuma vipo. Karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu. Jina letu lipo mstari wa kwanza, kwa Jumamosi ijayo, na pembeni yake pana nafasi ya mtu mmoja. Maswali yenu twayangoja.